Asiyeshika Kipanya

Mwangalizi wa chumba cha kompyuta hamshikii mtoto kipanya hata siku moja. Hufuta vioo kwa kipande cha shati kuukuu, hufungua mchezo wa sayari, kisha hurudi nyuma na kufunga mikono mgongoni. "Haya wasafiri, nani anaanza?" Wakigombania Zohali kwa sababu ya pete zake, hucheka mpaka miwani inamteleza.

Jana binti wa mshonaji alizungusha kigurudumu cha kipanya kupita kiasi. Sayari zote zikatoweka, kioo kikawa giza tupu.

"Nimeiharibu," akasema, machozi yakimlengalenga, akasukuma kiti aondoke.

Mama yake alikuwa amekuja kumchukua. "Msaidie jamani, huyu hatarudi tena hapa," akanong'ona. Kwa kuwa alisimama nyuma ya mwangalizi, aliona vidole vyake pale mgongoni vikifinyana hadi vikapauka. Kubofya mara moja tu kungerudisha sayari zote. Mwangalizi akachuchumaa kando ya mtoto.

"Hujaharibu, binti. Umefika mbali kutuzidi sote. Tafuta kinachowaka."

Mtoto akakodoa macho. "Haka kadoa?"

"Kafuate."

Kadoa kakakua, kakawa jua. Pembeni ikachomoza Dunia, ya buluu, ndogo kama kifungo.

"Sogeeni," mtoto akawaambia wenzake, "niwapeleke kule gizani."