Nyuma ya Mama Mkwe Hadi Namugongo

Asubuhi tuliyoondoka Kakamega kwenda Namugongo kwa miguu, mwenyekiti wa mahujaji alitugawia fulana. Kifuani palikuwa na msalaba. Mgongoni palikuwa na picha yake mwenyewe akitabasamu, kubwa kuliko msalaba. Bwana huyu alikuwa anatafuta kura za wadi, na alikuwa ameshapiga hesabu kwamba kila hujaji atamtazama yeye usoni kuanzia mjini kwetu hadi Uganda. Mimi yangu niliivaa nje ndani.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa hija. Nauza vipuri vya pikipiki mjini, nakaa mtaa wa Shieywe, Jumapili naenda kanisani kama watu wengine, na nikirudi navua viatu nalala. Watu wanaotembea hadi nchi nyingine kumwambia Mungu jambo ambalo wangemwambia wakiwa jikoni wamenichekesha maisha yangu yote. Lakini mke wangu alikuwa amepasuliwa kutolewa uvimbe tumboni, na alipokuwa bado kule ndani mama yake alipiga magoti kwenye ukumbi wa hospitali, mbele ya wauguzi na wagonjwa, akaweka nadhiri. Binti yake akiamka, yeye atakwenda Namugongo, walikochomwa Mashahidi wa Uganda, kwa miguu yake bila kupanda chochote. Binti akaamka.

Mama mkwe wangu ni mwanamke wa Matete. Amelima tangu akiwa msichana, na goti lake la kushoto limekwisha. Kwake nadhiri si maneno ya kujifurahisha. Aliamini kabisa kwamba asipofika, au akifika kwa gari, uvimbe utarudi na safari hii utamchukua mtoto wake. Hakuna daktari ambaye angemtoa hapo, na mimi sikujaribu.

Mke wangu alikuwa bado anatembea ameinama. Aliniita akaniambia, "Baba Watoto, wewe ndiyo utaenda na mama."

"Mimi na mama yako? Njia moja?"

"Utakuwa nyuma. Mbali. Lakini akianguka huko, nani ataniambia ukweli? Hao wenye fulana?"

Kwa asiyetoka kwetu lazima nieleze. Mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mkono. Hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja, hawatazamani usoni. Akitaka kukuambia jambo, anamwambia mtu mwingine aliye karibu, nawe unajifanya umesikia kwa bahati. Mkigusana, hamuumii nyinyi. Anaumia binti, na baada yake watoto. Nimekaa na vijana wa mjini wakiyacheka mambo haya na mimi nikacheka nao mpaka mbavu zikauma, halafu nikamwona mama mkwe akitoka sokoni na kapu, nikaruka mtaro na kujificha kwenye duka la dawa.

Basi tukaondoka, yeye mbele na akina mama wenzake, mimi mwisho kabisa. Mwenyekiti alikuwa na kipaza sauti kilichofungwa kwenye paa la gari lake, na gari hilo lilitembea polepole mbele yetu likisali rozari badala yetu. Kila kituo alishuka, akatembea mpaka apigwe picha ya video ya kurushwa moja kwa moja mtandaoni, akapanguza jasho ambalo sikuliona, akapanda tena. Mumias tulipewa ukumbi wa kulala, wanaume upande huu, wanawake upande ule, pazia katikati. Nikamwambia mwenyekiti siwezi kulala humo. Alipoelewa sababu alicheka mbele ya watu wote.

"Ndugu yangu, katika Kristo hakuna mkwe!"

"Na mama mkwe wako yuko wapi?" nikamuuliza.

"Aliachwa nyumbani."

"Basi mlete kwanza, mlale naye hapa, mimi nitafuata."

Nililala kwa familia ya Kiislamu karibu na soko. Mwenye nyumba aliitikia salamu yangu, nikamweleza shida yangu nusu, nusu nyingine akaimalizia mwenyewe. Hakuuliza kwa nini Mkristo anaomba mahali kwa Mwislamu huku kanisa liko wazi. Aliniambia tu, "Mkwe ni mkwe, sheikh wangu," akaniletea obusuma, ndio ugali wetu, na mboga, na godoro. Alfajiri mke wake alinifungia viazi vitamu. Nikatoka pale nikijiuliza huyo mwenyekiti alifundishwa dini na nani.

Tulipopita Mayoni, miwa ikiwa imetuzidi urefu pande zote mbili, kundi lilipungua karibu nusu bila mtu kuaga. Mbele yangu walikuwa wengi, barabara ikapinda, wakawa wachache. Tukawakuta Bungoma, wameoga, wameketi kivulini wakijikanda miguu na kusimulia mateso ya njiani. Mmoja alichechemea vizuri sana akienda kuchota uji, na akirudi alichechemea kwa mguu mwingine. Waendesha bodaboda wa Mayoni nadhani wanaomba hija iwe kila mwezi.

Mama mkwe hakupanda. Kilemba chake cheupe kilikuwa mbele yangu kutwa nzima, nikakijua kuliko ninavyoujua uso wake. Akipunguza mwendo, napunguza. Akisimama kulikanda goti, nageuka kutazama mifugo ya watu. Na kwa kuwa yeye alizidi kuachwa na wenzake kila siku, na mimi siwezi kumpita, tukawa watu wawili wa mwisho katika hija nzima, tumetengana urefu wa kiwanja cha mpira. Malaba, mpakani, foleni ilitusogeza mpaka nikakaribia kumpumulia kisogoni. Nikaondoka nikaanza foleni upya, na askari akanitazama kama mtu aliyebeba bangi.

Miji ya Uganda nisingeichukia kama ningeiona bila kipaza sauti. Iganga nilipata chumba kwa mama mmoja Msoga anayeuza ndizi. Alinipa karai la maji ya moto, nikatia miguu. Akataka kujua kwa nini silali kanisani na wenzangu. Nilipomwambia alipiga makofi kwa furaha, akasema kwao pia ni hivyo hivyo, ila wao ukimgusa mama mkwe utatetemeka mikono mpaka ufe. Alinieleza hilo akichagua ndizi nzuri za kuniongezea. Jinja wenzangu waliteremka mtoni kupiga picha, kila mmoja amenyosha mikono kama ndiye aliyeuchimba ule mto. Mama mkwe alibaki kwenye ngazi za kanisa, akilikanda goti kwa ndoo ya maji ya chumvi. Mimi nilikaa ng'ambo ya barabara kwa muuza chapati, nikilinda lango. Baadaye mama mmoja wa kundi letu alivuka akaniambia, akijizuia kucheka, "Nimesikia mtu akisema wewe usilalange njaa."

Nilikula chapati mbili zaidi, na nikaona haya jinsi maneno yale yalivyonifurahisha.

Msitu wa Mabira ndio uliomvunja. Tulipoingia chini ya miti ile, ambayo inafanana na ya msitu wetu wa Kakamega ila wao wamepitisha malori katikati, goti lake lilikuwa limevimba mpaka sketi ikapanda upande mmoja. Mwenyekiti alirudi nyuma na gari.

"Kukhu, bibi yetu, panda. Unachelewesha kundi."

"Sipandi."

"Mungu huangalia roho, haangalii miguu."

"Kijana, wewe roho yako iko kwa gari tangu Mumias. Mimi nilimwambia Mungu miguu."

Akina mama walicheka. Mwenyekiti hakucheka. Akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba kundi haliwezi kumngoja mtu mmoja mkaidi, na kwamba atatuma gari limfuate baadaye akishapata akili. Sasa kitu kingine kilikuwa kimeshaenea kwenye kundi. Mtu alikuwa amesema kwamba ukimaliza msitu kuna soko la barabarani ambapo wanakuuzia kuku wa kuchoma akiwa kwenye kijiti. Ingokho, kuku wa kwetu! Sijawahi kuona mahujaji wakipona malengelenge kwa haraka namna ile. Watu wa kwetu waliokuwa wakichechemea tangu Bungoma walinipita wakikaribia kukimbia, nyuso kumi za mwenyekiti zikinitabasamia migongoni, na dakika chache baadaye barabara ilikuwa tupu. Hata akina mama wenzake walikwenda. Walimwambia wanatangulia kumwekea kipande.

Nilikasirika, na bado nina hasira nikiandika haya. Walikuwa wamesali naye njia nzima.

Tukabaki yeye, mimi na malori. Akatembea kidogo, akasimama, akatembea. Tatizo jipya likawa kwamba hapakuwa na mtu wa katikati wa kupeleka maneno. Mbele ya kibanda kimoja kilichofungwa palikuwa na mbuzi amefungwa kamba. Mama mkwe akasimama mbele yake.

"Mbuzi," akasema, "mwambie huyo mtu anikatie fimbo nyingine. Hii imepasuka."

Nilikata fimbo. Niliilaza katikati ya njia, nikarudi nyuma mpaka penye mti, akaja akaiokota. Akamshukuru mbuzi. Mahali pengine ningecheka.

Mbele kidogo walikuwa wakitengeneza barabara. Waendao kwa miguu walielekezwa kushuka kwenye mtaro mpana wa matope na kupanda upande wa pili. Kushuka alishuka kwa makalio. Kupanda alishindwa. Alichomeka fimbo, akajivuta, goti likakataa, akateleza akarudi chini. Akajaribu tena. Mara ya tatu alikaa kwenye matope na hakuinuka.

Nilishuka nikasimama karibu naye. Mikono yangu nilikuwa nayo, mizima, mikono inayobeba injini za pikipiki kila siku, na haikwenda. Niliiambia iende ikakataa. Mimi niliyemdharau mwenyekiti, na fulana zake, na nadhiri, na mbuzi, nilisimama pale nikimwona mke wangu kitandani na watoto wangu wamepangwa pembeni yake.

"Uko hapo?" akauliza. Alikuwa akitazama matope. Miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi kusema nami moja kwa moja.

"Niko, mama."

"Nikipanda hiyo gari mtoto wangu atakufa. Ukinishika, pia ni mbaya. Wewe umesoma. Gani ndiyo mbaya zaidi?"

Nilikuwa na maneno ya kumcheka kila mtu katika ile njia.  Yeye nilimwambia lililokuja tu.

"Mama, sijui. Lakini kama ni deni itatulipisha sisi wawili. Huyo ni mke wangu, na wale watoto ni wangu pia."

 Akavuta leso yake akaufunika uso wote, akanyosha mkono upande wangu bila kutazama.

"Usinibebe. Miguu ni yangu. Nishike tu."

Nikamshika. Mkono wake ulikuwa mgumu, umejaa sugu za jembe, na ulikuwa ukitetemeka, au wangu ndio uliokuwa ukitetemeka. Tulitoka kwenye ule mtaro, na hatukuachana tulipotoka. Tulipita sokoni wenzetu wakiwa wameshakula na kwenda, mifupa na vijiti vimetupwa kando ya barabara. Gari la mwenyekiti halikurudi. Usiku wetu wa mwisho, Mukono, alilala kanisani na mimi nikalala barazani kwa fundi wa baiskeli, na alfajiri akanyosha mkono tena, uso umefunikwa, kama mtu anayepokea kitu gizani.  Nilimwelekeza penye mashimo kwa kumvuta kidogo kushoto au kulia, naye akaniegemea kwa uzito wote wa mwanamke aliyechoka, na nilimpenda. Sioni njia nyingine ya kulisema.

Namugongo watu walikuwa wamejaa barabara nzima. Kwa mbali niliziona fulana zetu zimekusanyika karibu na lango. Akaziona pia. Akauachia mkono wangu, akafunua uso, akafunga kilemba upya.

"Sasa toka," akasema.

Nilivuka barabara. Aliingia peke yake, na fimbo, hatua moja moja. Mwenyekiti alimwona akamkimbilia na simu mkononi, akapaza sauti kwamba hujaji wake mkongwe amefika, akamkumbatia mbele ya kamera. Mama mkwe alimvumilia mpaka akamaliza. Kisha akaenda kukaa karibu na matangi ya maji, akaazima simu ya mama mmoja, akampigia binti yake. Masikio yake si mazuri, kwa hiyo aliweka sauti ya nje. Mimi nilikuwa upande wa pili wa tangi, nimekuja kujaza chupa.

"Mama! Umefika? Hukupanda kitu?"

"Sikupanda kitu. Miguu tu, kutoka kwako mpaka hapa."

"Na hakuna mtu alikushika?"

"Nani anishike? Nimetembea peke yangu."

"Na Baba Watoto? Mko na yeye?"

"Huyo? Tangu tutoke nyumbani sijaona hata kivuli yake."

Alisema hivyo mahali pa Mashahidi, kwa sauti ya kusikika, bila kusita. Nilimsikia mke wangu akishusha pumzi ndefu. Kisha akaanza kucheka, na mama yake akacheka naye. Chupa yangu ilijaa ikamwagika nikaiacha imwagike. Sikusogea nyuma ya lile tangi mpaka alipomaliza kuongea na kuondoka, nisije nikamfanya mama mkwe wangu kuwa mwongo.