Doa Lililokataa Chokaa

Juzi nilipita sokoni nikamkuta mama mmoja akimimina mafuta ya mise kutoka kwenye dumu. Kwa msioyajua, haya ni mafuta ya kokwa za mchikichi, meusi, na huja kwa treni kutoka Kigoma. Yana harufu nzito ya moshi na kitu kilichoungua kidogo, na wengi hawayapendi. Mimi nikiisikia harufu ile husahau nilikuwa naelekea wapi. Nilisimama pale mpaka yule mama akaniuliza kama nanunua au nashangaa.

Mama yangu alikuwa mtu wa Ulyankulu, binti wa watu waliotoka Burundi zamani, na mise ndiyo yalikuwa mafuta yake ya nywele. Ndugu wa baba walimtania kwamba ananuka behewa. Mama alicheka, na kesho yake akajipaka zaidi. Jioni kazi zikiisha alitandika mkeka karibu na mlango wa chumba, akaegemea ukuta na kubangua karanga huku akiimba kwa sauti ya chini, Kirundi kitupu. Kichwa chake kiligusa mahali palepale siku zote, na ukuta wa udongo ni mlafi, hunywa unachopewa. Likatokea doa la manjano, ukubwa wa sahani.

Alifariki masika, nikiwa darasa la nne. Wanawake wakafungasha vitu vyake, kanga, viatu vya kanisani, hata kichupa cha mafuta, vikapelekwa kwa ndugu zake. Ndiyo desturi, wala silaumu mtu, ila mimi sikuulizwa kama nataka kubaki na chochote. Nyumba yetu ya Itetemia ikawa ya watu wawili, mimi na baba. Baba alikuwa fundi rangi, na maduka mengi ya Kanyenye yaling'aa kwa mkono wake. Hakuwa mkali. Alikuwa kimya tu, na kimya cha mtu mzima humwelemea mtoto kuliko kelele. Jioni akirudi nilimwambia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama nimekula, nikajibu nimekula. Mazungumzo yetu ya kutwa nzima yaliishia hapo.

Nikabaki na doa. Nikitoka shule nilikaa chini yake na kuegemea kama mama, ila kichwa changu hakikulifikia. Nilinyoosha shingo mpaka ikauma.

Mvua za mwanzo zilipoanza, shangazi alikuja kutoka Urambo kukaa nasi hadi Krismasi. Alikuwa mwanamke wa usafi, mwenye kuona vumbi kabla halijatua. Hakumaliza hata chai yake.

"Kaka, paa lako linavuja," alisema. "Ona unyevu huu ukutani."

Baba alitazama doa, akatazama kikombe chake. "Nitaangalia," alisema.

Sikulala vizuri usiku ule. Kumbe huenda nilikuwa naegemea maji ya mvua! Shangazi alikuwa mtu mzima, na watu wazima walijua mambo. Kama lilikuwa unyevu, basi hapakuwa na kitu chochote cha mama mle ndani, na nilikuwa nakaa peke yangu na ukuta.

Siku chache baadaye, mwalimu wetu wa sayansi alikuja darasani na karanga, kipande cha muhogo mbichi na samli kidogo kwenye kifuniko cha soda. Tukasugua kila kimoja kwenye karatasi yake, na karatasi ya mwisho tukaidondoshea maji. Mwanzoni zote zilikuwa na doa, darasa likacheka. Tukazianika dirishani. Zilipokauka, ya maji ilikuwa safi, ya muhogo imebaki na vumbi jeupe, lakini ya karanga na ya samli zilipitisha nuru, ukiziinua unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili. "Maji ni mgeni, mafuta ni mwenyeji," alisema mwalimu. Kisha akatikisa mafuta kwenye spiriti na kumimina maji, mchanganyiko ukageuka mweupe kama maziwa, wenzangu wakapiga makofi. Mimi sikuliona vizuri jaribio lile. Akili yangu ilikuwa imekwisha kwenda nyumbani.

Nilichana karatasi mbili safi. Shangazi alikuwa kisimani. Nikapasha kijiko kwenye makaa, nikaigandamiza karatasi ya kwanza kwenye doa kwa mgongo wa kijiko, na ya pili kwenye ukuta upande wa pili wa mlango. Nikazianika juani nikizilinda dhidi ya kuku. Baadaye niliziinua, moja baada ya nyingine. Ile ya doa ilipitisha jua, na ilikuwa na harufu ya moshi. Alikuwa mama. Nilitaka kumwambia mtu, lakini wa kumwambia alikuwa nani? Baba aliporudi nilimwambia shikamoo.

Wiki ya Krismasi nilitoka mafundisho ya komunyo nikakuta ukuta mweupe pe, baba anaosha brashi, shangazi anasifu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia nimechutama, mpaka kuku wakanizunguka wakidhani nimewaletea pumba.

Januari, jua lilipochoma bati, likatokea kivuli cha manjano. Nikakigusa kwa kidole. Kufikia Kwaresima doa lilikuwa limerudi lote, na mimi nilikuwa nimeanza kula vizuri tena. Mambo yakawa hayo kila mwaka: Krismasi chokaa, Kwaresima doa. Shangazi alikuja tena na mvua, akampandisha baba kwenye paa, naye akagongelea misumari kwenye bati zima lisilo na kosa. Doa lilipoendelea kurudi, baba alimwambia dada yake, "Chokaa ya siku hizi mbovu." Shangazi alikwenda kusimulia Urambo kwamba kaka yake uzee umemwingia mikononi.

Baba naye ametangulia, na nyumba ile sasa ina watu wengine. Mwaka jana nilimwita fundi apake chokaa jikoni kwangu. Alipitisha kiganja ukutani nyuma ya jiko, akatikisa kichwa.

"Mama, hapa pana mafuta. Lazima tukwangue kwanza, tusugue na sabuni ya moto. Nikipaka juu juu doa litarudi tu. Hilo kila fundi analijua."

Baba alikuwa fundi rangi maisha yake yote. Dakika chache za kukwangua, na doa lisingerudi tena. Badala yake aliisingizia chokaa, akaacha asemwe kwamba hajui kazi yake mwenyewe.

Ndipo nikakumbuka jioni za Januari. Baada ya chakula alikuwa akigeuza kiti chake kuelekea ukuta ule na kukaa kimya, kanipa mgongo. Siku zote nilidhani anakagua kazi yake. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye mkeka, nachambua maharage, nautazama ukuta uleule juu ya bega lake, nikiomba asilione doa likirudi, asije akalipaka tena.