Mkono wa Daktari wa Magitaa

Mtaani kila mtu alimwita Daktari, na yeye hakukataa. Alikuwa fundi magitaa. Alivaa koti jeupe lenye doa la gundi mfukoni, na mteja akileta gitaa hakuuliza limeharibika wapi, aliuliza, "Linaumwa tangu lini?"

Mkewe hakuwa na cheo. Tangu shule ya msingi, ambako ndiko masomo yake yalikoishia, aliitwa Kijiti kwa wembamba wake, na jina likamfuata hadi kwenye ndoa. Kazi yake pale karakanani ilikuwa kufagia, kunyonyesha, na kumalizia kazi za Daktari.

Maana Daktari alikuwa na kasoro moja ambayo koti halikuweza kuificha: mikono. Minene, vidole kama mihogo. Na siku hizi kila mpigaji anataka gitaa lake la mbao lichomekwe waya wa spika, lisikike hadi kwa jirani asiyetaka. Basi ndani huwekwa kinasa sauti, na kitakoni, pale penye kitufe cha mkanda, hutobolewa tundu la kukalia jeki, kichuma kinene kama kidole, ambamo waya huchomekwa.

Kutoboa, Daktari anajua, tusimnyime haki yake. Hubandika utepe ili mbao isichubuke, kisha huzungusha kipanuzi chake cha mkono, chenye umbo la karoti, polepole, kama anayemkorogea mgonjwa uji. Mashine ya umeme haigusi. "Mashine haina subira," husema. "Itapasua."

Lakini jeki huingilia ndani. Lazima mtu apitishe mkono kwenye tundu kubwa la katikati, aupeleke gizani hadi kitakoni, aitokeze jeki, kisha aishike vilevile wakati nati ya nje inakazwa. Asiposhika, jeki yote huzunguka, na nyaya zake hujisokota hadi zikatike. Siku Daktari alipojaribu mwenyewe, mkono uliingia ukakataa kutoka. Kijiti alimpaka sabuni huku mteja akigonga mlango, na Daktari akajibu kwa sauti nzito kwamba yuko kwenye upasuaji.

Tangu hapo mkono ukawa wa Kijiti, na siri ikawa ya wawili. Mteja huambiwa akatembee kidogo, kwa kuwa gundi haipendi macho. Kijiti alipokuwa mjamzito, vidole vikavimba, magitaa sita yalining'inia ukutani miezi miwili. Daktari akawaeleza wenyewe kwamba mbao inapumzishwa. Mmoja alishukuru.

Ndipo siku ya Ijumaa akaja mwalimu mkuu mstaafu, na gitaa aliloagwa nalo kazini. Kesho yake binti yake alikuwa anaolewa, naye alikuwa ameahidi kumpigia wimbo mbele ya wakwe.

"Niachie, mwalimu," alisema Daktari. "Nenda kanyooshe miguu. Gundi haipendi macho."

"Gundi ipi? Jeki inakazwa kwa nati. Nimesoma karatasi yake ya maelekezo." Mwalimu akavuta kigoda, akaketi. "Miaka thelathini na miwili nimesimamia mitihani, Daktari. Sijawahi kutoka nje watu wakifanya kazi."

Daktari akamtupia mkewe jicho. Kijiti akajifanya anamfunga mtoto vizuri mgongoni. Wote wawili waliujua mdomo wa mwalimu: neno akilipata asubuhi, jioni hata viziwi wameshalisikia. Akiujua huu mkono, udaktari wa mumewe utakuwa kichekesho cha mtaa. Na Kijiti alimpenda mumewe, majivuno na yote.

Tundu lilitoka safi. Kisha Daktari, jasho likimtoka, akapitisha uzi, akaivuta jeki kutoka ndani hadi ikachomoza nje. Ikachomoza mno, kama pua ya mbea. Akaivika nati, akashika spana.

Kijiti alisikia kabla hajaona. Mle ndani nyaya zilikuwa zinakwaruza mbao. Robo mzunguko. Nusu.

"Mbona inazunguka yote?" aliuliza mwalimu.

"Inatafuta makao."

Mzunguko mmoja. Nyaya zile ni nyembamba kama unywele. Zikikatika, kesho mzee wa watu atasimama mbele ya wakwe na sanduku bubu.

"Baba, acha," alisema Kijiti.

"Mama, hebu nenda kaangalie jiko."

"Jiko halina moto. Acha, utakata waya."

Kijiti akamfungua mtoto, akamweka mikononi mwa baba yake pamoja na kitambaa cha udenda. Akalegeza nyuzi za gitaa, akaingiza mkono karibu hadi kwenye kiwiko, macho kafumba. Akazisokotoa nyaya, akairudisha jeki ndani, akaisogeza nati ya ndani, ile inayoizuia jeki isichomoze mno, kidogo kidogo, akipima unene wa mbao kwa ukucha. Akaitokeza tena. Safari hii ilichungulia kwa adabu.

"Nimeishika. Kaza." Akafumbua macho. Daktari alikuwa na mtoto. "Basi wewe, mwalimu, kamata spana. Taratibu. Ikikataa, usiilazimishe."

Mwalimu mkuu akatii kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akamgeukia Daktari.

"Kumbe muda wote huu unaandikiwa mtihani!"

"Mwalimu, hii ni kazi ya pamoja."

"Hata wanafunzi niliowakamata wakiandikiana walikuwa wananiambia hivyohivyo."

"Usimtangaze, mwalimu," alisema Kijiti, mkono bado umo ndani. "Tundu ni lake. Mimi ningelipasua gitaa lako vipande viwili."

Mwalimu akapitisha kidole ukingoni mwa tundu, akitafuta mchubuko wa kumkata alama. Hakupata. "Tundu, alama zote," alikiri kwa uchungu. "Mengine, jina liandikwe la aliyefanya."

Hakumtangaza. Aliwaambia wakwe tu, na wakwe wakawaambia waliobaki.

Wiki iliyofuata Daktari alijifungia siku mbili, akidai ana mafua. Siku ya tatu akaja kijana mmoja na gitaa begani, akamkuta mlangoni, mtoto kamlalia kifuani.

"Shikamoo mzee. Eti yuko wapi yule mama mwenye mkono?"

Kijiti alikuwa chumba cha ndani na sahani yake. Akaacha kutafuna. Akasikia mumewe akikohoa, akimsogezea kijana kigoda.

"Anakula," alisema Daktari hatimaye. "Na akila haharakishwi. Keti. Tundu nakutobolea mimi; mkono, msubiri mwenyewe."

Kijiti akalimeza tonge. Kisha akajiongezea mboga, akala taratibu.