Mashudu ya Meli

Mama Maziwa, mjane aliyelea wanawe kwa ng'ombe wawili, zamani alinunua mashudu ya kuwalisha kwa shemeji yake, aliyekamua mafuta ya alizeti kwenye banda nyuma ya nyumba. Kisha yakaanza kuingia mashudu ya nje, kila mwaka meli nyingi zaidi, kwa bei ya kutupa. Wateja wakahamia huko, Mama Maziwa naye pia. Shemeji akaiuza mashine yake kama chuma chakavu.

Mwaka huu meli zikakatika. Duka la chakula cha mifugo likafungwa. Ng'ombe mmoja akalala asiinuke, wa pili akakauka maziwa. Mama Maziwa akameza aibu, akaenda kwa shemeji.

"Shemeji, hata makombo?"

"Ningekuwa nayo ningekunyima, shem? Hebu tazama mwenyewe."

Bandani palibaki sakafu iliyoganda mafuta. Hata hivyo shemeji alichukua koleo, wakakwangua pamoja, wakapata vumbi la mashudu la kujaza kibakuli.

Aliporudi, yule aliyelala alikuwa ameshakufa. Wa pili akaliramba vumbi lote, akainua kichwa kuomba zaidi. Mama Maziwa akamkumbatia shingoni, akalia mpaka sauti ikamkauka, kisha akampigia simu mwenye bucha aje amchukue angali hai.