Majina ya Nguva na Tawi la Mgunga

Katika daftari langu la kahawia kuna ukurasa wenye maneno ambayo mengi yake siwezi kuyatamka vizuri. Yote yanamtaja kiumbe mmoja, au karibu mmoja: mtu wa majini, juu binadamu, chini samaki. Wadenmaki humwita havfrue, bibi wa bahari. Wajerumani husema Meerjungfrau, mwanamwali wa bahari. Wajapani wana ningyo, mtu-samaki, na jina lenyewe halisemi kama ni mwanamke au mwanamume. Waarabu humwita bi harusi wa bahari, arus al-bahr. Afrika Magharibi yuko Mami Wata, mama wa maji. Katika Kiswahili tunasema nguva, na hapo huwa nasimama kidogo nikiwa na msikilizaji, kwa sababu nguva ni mnyama wa kweli pia, mnene na mpole, anayekula majani chini ya bahari na kumnyonyesha mwanawe. Neno moja linawabeba wote wawili.

Chini ya ukurasa huo niliandika "Kikamba", na mbele yake hakuna kitu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Naishi upande wa Tseikuru, kaskazini mwa Kitui, mahali ambapo mtu anaweza kuzeeka bila kuingia maji yanayomfika kiunoni. Una haki ya kuuliza mtu wa huku anatafuta nini kwa nguva. Nianze na mto, maana bila mto hutanielewa.

Mto wetu ni wa mchanga. Mvua ikinyesha hupita siku chache ukiwa mwekundu na wenye kelele, kisha maji huzama na kutuachia mchanga mweupe, mpana kama barabara kuu. Maji yamo chini yake. Tunachimba shimo tunaloliita kithima, na kiangazi kikizidi tunachimba zaidi, mpaka ifikapo Septemba shimo linampita mtu mrefu na tunashuka kwa vidaraja vilivyokatwa ubavuni. Chini kabisa kuna maji. Yakiachwa yatulie yajae, humfika mtu mzima pajani.

Kila kithima kina ua wa matawi ya mgunga, yenye miiba mirefu na myeupe. Tawi moja halichomekwi, hilo ndilo mlango. Unaliburuta kando, unashuka, unachota, unapanda, unaliburuta tena mahali pake. Anayechota mwisho hufunga. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na sikumbuki kufundishwa, kama vile sikumbuki kufundishwa kutembea. Tawi likiachwa wazi, mbuzi huchafua maji na punda huvunja kingo. Na watoto, bila shaka.

Lakini tuna kosa letu. Mtu akijua atarudi kwa mtungi wa pili, hafungi. Husema, narudi sasa hivi. Miiba inachoma mikono, jua ni kali, nyumba iko karibu. Sote tumefanya hivyo.

Septemba ya mwaka juzi nilipeleka mtungi wa kwanza nyumbani na kuliacha tawi kando, kwa sababu nilikuwa narudi. Nilipofika nikawakuta akina mama watatu wa kanisa wamekaa kivulini wakinisubiri. Niliwasha moto, nikapika chai, tukaongea habari za harusi ya binti wa mmoja wao. Chai ikawa vikombe viwili. Kisha tukasikia mtu akilia kule mtoni.

Mjukuu wa jirani yangu, msichana wa miaka mitano, alikuwa ameteremka kithimani na kuteleza. Mwanamke aliyeleta punda wake kunywa maji ndiye aliyemwona na kumtoa. Alipelekwa hospitali akiwa na maji mapafuni, akalazwa majuma matatu. Nakuambia mapema usije ukasoma kwa hofu: alipona. Lakini aliporudi nyumbani hakuwa anasema neno, na kimya hicho ndicho kilichotuletea nguva.

Mama yake alizaliwa Pwani, ambako baba yake, Mkamba kama sisi, alifanya kazi bandarini. Aliolewa huku akiwa na Kiswahili kizuri na Kikamba cha kuokoteza, na mumewe alikuwa mlinzi Nairobi, kwa hiyo alikaa zaidi na mama mkwe kuliko na mume. Huko alikokulia, alimwambia mtoto wake, mtoto akikaribia maji peke yake nguva humshika mguu. Alimsimulia kila walipokwenda kuchota. Ndivyo mama yake alivyomzuia yeye asiende ufukweni, na ndivyo alivyotaka kumzuia wake.

Mama mkwe wake, yule jirani yangu, ni rika langu. Tumechimba kithima pamoja miaka mingi, yeye akichimba, mimi nikivuta mchanga juu, kwa kuwa mgongo wake ni mzuri kuliko wangu. Si mtu mbaya. Lakini alikuwa amemwona mjukuu wake akiwa wa bluu midomoni, na mtu aliyeona hivyo hutafuta pa kupeleka macho. Alisema huku kwetu hatukuwahi kuwa na kitu cha namna hiyo. Alisema kilikuja na aliyekitaja.

Akina mama walikutana kwake kuomba, na baada ya maombi nikaulizwa mimi, mwenye elimu, nguva ni kitu gani. Nikaeleza. Nilieleza kama nilivyokuwa nikieleza darasani, polepole, kwa mifano, na wakanisikiliza wakitikisa vichwa. Mmoja wao akauliza ni nani aliyechota mwisho siku ile, kwa kuwa tawi lilikutwa kando. Jirani yangu akamjibu kabla yangu kwamba kinachoita mtoto hakihitaji kufunguliwa mlango. Wakaitika. Nami nikarudi kwenye maelezo yangu ya yule mnyama mpole anayekula majani.

Sikusema uongo hata mara moja. Nimewafundisha watoto wengi tofauti kati ya kutosema uongo na kusema kweli, na siku hiyo niliikalia tofauti hiyo kama mtu anayekalia kiti kisicho chake.

Wiki iliyofuata ikaamuliwa kwamba mama wa mtoto arudishwe Pwani kwa wazazi wake, "apumzike". Mume alikubali kwa simu. Mtoto angebaki. Shangazi wawili wa mtoto wangemsindikiza mama siku ya Jumamosi.

Mimi nilikwenda Salama, kule Makueni, kwa dada yangu mwenye hoteli ndogo kando ya barabara kuu. Nilimwambia nimekuja kupumzika. Alinitazama, akanipa kisu na beseni la viazi.

Madereva wa malori hupita Salama wakitoka bandarini, wakielekea Uganda, Rwanda, Kongo. Walipokaa kula, mimi niliwauliza: kwenu, mwanamke wa majini mnamwitaje? Nikaandika. Usiku, juu ya majibu ya madereva niliongezea niliyoyapata kwenye simu yangu, maneno ya Kidenmaki na ya Kijapani, na kadiri ukurasa ulivyojaa ndivyo nilivyojiona nafanya kazi ya maana. Dada yangu alipita na sahani mikononi akasema, "Umestaafu, lakini mdomo haujastaafu."

Dereva mmoja wa Kongo, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisema kwao Lubumbashi ni Mamba Muntu, na kwamba watu humchora kwenye picha wanazotundika sebuleni, mwenye nywele ndefu na saa mkononi. Tulicheka kuhusu ile saa. Nikamuuliza kama yeye humwamini. Alimaliza kutafuna kwanza.

"Mwalimu, mimi nimevuka mito mingi," akasema. "Mamba Muntu hukaa pale daraja lilipovunjika. Wakilitengeneza, anahama."

Madereva wenzake wakacheka tena. Mimi niliandika neno lake daftarini, kisha nikalifunga.

Nilikuwa nimesoma pia habari za Washona wa Zimbabwe na njuzu wao. Wanasema njuzu akimchukua mtu majini, jamaa zake hawaruhusiwi kulia, kwa kuwa wakilia hatarudishwa. Nilipolisoma mara ya kwanza niliona ni jambo zuri la kusimulia. Jioni ile nilimfikiria yule mama kijana. Tangu mtoto aanguke sikuwa nimemwona akilia. Alikuwa akifua nguo, akisonga ugali, akiitika "naam, mwaitu", naam mama, kila anapoitwa na mama mkwe, kama mtu aliyeambiwa kwamba chozi moja litaharibu kila kitu.

Alhamisi yule mama kijana alinipigia simu. Aliniomba radhi kwa kunisumbua. Kisha akauliza, kwa kile Kiswahili chake cha kupendeza:

"Mwalimu, wewe unayajua mambo ya nchi nyingi. Kuna mahali ambapo mama humtaja nguva ili mtoto asikaribie maji, na isiwe kwamba amemwita?"

Nilimwambia ndiyo, kuna. Nikamwambia popote penye maji ya kina nadhani kuna mama amefanya hivyo, kwa lugha yake, kwa sababu mkono wa mama haufiki kila mahali na neno hufika mbali kidogo. Akasema asante, angalau atakwenda akijua hivyo, lakini yeye huwaza usiku kwamba labda kweli alimwita. Akauliza kama nitamsaidia mtoto kusoma, kwa kuwa yeye hatakuwepo.

Dada yangu alikuwa akipangusa meza. Nilipoweka simu chini nilimweleza yote, tangu mtungi wa kwanza hadi chai. Hakunipa pole wala hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nina nauli.

Nilifika kwa jirani yangu Jumamosi asubuhi. Begi la mke wa mwanawe lilikuwa mlangoni, limefungwa kwa kamba. Wale shangazi walikuwa wanakunywa uji. Mama wa mtoto alikuwa ameketi kwenye gunia, mtoto amelala mapajani, naye anamsuka nywele taratibu sana, kama mtu asiyetaka kufika mwisho wa kichwa.

Nimezungumza mbele ya watu maisha yangu yote. Sijui kwa nini siku hiyo ulimi ulikuwa mzito hivyo. Nilianza kuzunguka, nikaanza na mto, nikaanza na ukame, mpaka jirani yangu akanikata.

"Mwalimu, kila kitu una maelezo yake. Sema."

Nikasema, "Tawi nililiacha wazi mimi. Nilikuwa narudi. Wageni wakaja, nikakaa."

Shangazi mmoja aliweka kikombe chini. Mama wa mtoto aliendelea kusuka, kisha vidole vikasimama, akainamisha uso juu ya kichwa cha binti yake, na nikaona mabega yake yanatetemeka. Alilia muda mrefu. Hatukumnyamazisha.

Jirani yangu alikuwa akiutazama mkono wangu, ule wenye makovu ya miiba kama wake. Nilitegemea anifukuze, na ingekuwa haki yake.

"Miaka yote hiyo nimekuambia," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Anayerudi naye hufunga."

Ni kweli, alikuwa akiniambia. Kisha akainuka kwa shida, akaenda mlangoni, akalishika begi la mkwe wake kwa mikono miwili na kulirudisha ndani ya nyumba. Hakumwomba msamaha, sikumsikia akiomba hata baadaye, lakini aliingia nalo hadi chumba cha ndani, nasi tukasikia akilifungua kamba. Aliporudi alikuwa na panga. Hakunipa. Alipita mbele, nami nikamfuata hadi mtoni, tukatengeneza ua mpaka mchana, yeye akikata matawi mapya ya mgunga, mimi nikiyaburuta. Ilichukua miezi kabla hajaniita tena kwa chai. Simlaumu.

Mtoto alianza kusema Oktoba, neno moja moja. Neno la kwanza lilikuwa la kumfukuza kuku. Sasa ana miaka saba na anasoma vizuri. Huja kwangu baada ya shule, hufungua daftari la kahawia, hunitaka nimtamkie ule ukurasa, hunicheka nikifika lile la Kijapani. Juzi aliweka kidole mbele ya Kikamba na kuuliza mbona hapana kitu. Nilimwambia nimewauliza wazee wengi, hawajanipa neno, na pengine lipo mahali ambapo sijafika. Akifika yeye, aliandike.

Siku hiyo hiyo tulikwenda kuchota, yeye na kidumu chake, mimi na mtungi wangu. Yeye hukaa nje ya ua; mimi ndiye ninayeshuka. Nilipopanda, mgongo ukiniuma, nilimwambia twende tupeleke haya kwanza, twarudi sasa hivi.

Aliweka kidumu chini, akashika tawi pale penye miiba michache, akaliburuta mpaka likakaa mahali pake, na akalisukuma kwa mguu kuhakikisha. Nilisubiri amalize.