Mikono ya Wifi

Nilikuwa nimeshapanga kila kitu kichwani. Tata, baba yangu, akilazwa Mbeya, mimi ndiye nitakayemnywesha uji, mimi ndiye nitakayemfulia, na daktari bingwa akipita na kundi lake atauliza, "Nani anamuuguza mzee huyu?" Nami nitasimama na kanga yangu mpya. Ndivyo nilivyo. Nikikaanga vitumbua pale stendi ya Kyela huwa tayari nina hoteli Matema, sahani zote nyeupe, na wageni wananiita madamu. Kuota hakuna ushuru.

Sasa, katika mipango yangu yote sikumweka wifi.

Wifi ni mke wa kaka yangu, dereva wa lori, mtu wa kuonekana nyumbani kama mvua ya kiangazi. Kwao wifi ni Lyulilo, kwa wafinyanzi wa vyungu, lakini alipoolewa kwetu Busale aliushika mwiko wetu kuliko sisi wenyewe. Kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe. Tunaita ukutila. Akimwona anakuja, anaacha njia, anaingia kwenye mpunga hata kama kuna maji. Haongei naye, na jina lake halitamki. Wasichana wengi siku hizi wanalegeza. Wifi, hapana. Tangu aje, Tata alikuwa anaujua mgongo wake tu.

Tata alikuwa anapata damu chooni na akasema ni bawasiri. Mama angekuwa hai angemkatalia, lakini sisi tulimchemshia mizizi tu, akanywa, akakonda, hadi tumbo likajaa kama ngoma na choo kikawa hakitoki. Hospitali ya wilaya wakampa rufaa. Tukaenda Mbeya mimi na wifi: mimi wa kumuuguza, yeye wa kupika kwa ndugu yetu mmoja. Ndivyo nilivyogawa mimi.

Siku ya kwanza nikamwacha wifi kwenye dirisha la mapokezi, nikakimbilia kiti cha magurudumu. Narudi nakuta foleni inacheka.

"Jina la mgonjwa?" karani anauliza.

"Ni baba wa mume wangu," wifi anasema, macho chini.

"Dada, nimeuliza jina, sikuuliza ukoo."

"Muulize yule anayekuja."

"Kwani mmemwokota njiani?"

Nikafika, nikalitaja jina la Tata lote, na la babu juu yake, kwa sauti ya mnadani. Nilijisikia mtamu siku hiyo!

Walimpima, wakamwingizia kamera. Bingwa akatuambia bila kuzunguka: kuna uvimbe kwenye utumbo mpana, na ni saratani. Sio ya mwanzo, imeshagusa tezi za jirani. Watakata kipande, watatoa mdomo wa utumbo tumboni upande wa kushoto, na haja itatokea hapo, kwenye mfuko. Baadaye zitafuata dawa za dripu. "Siahidi kupona," alisema. "Ila tukiacha, utumbo utaziba kabisa."

Tata hakuogopa kisu. Aliogopa mfuko.

Alipasuliwa, akaamka, akaomba maji. Nililia kwa furaha mpaka mgonjwa wa jirani akanipa leso. Kisha nesi akasema mzee haruhusiwi kurudi nyumbani mpaka ndugu mmoja ajue kubadilisha mfuko. Niliinua mkono kama niko darasa la pili.

Tata akageukia ukutani. "Sio wewe."

"Tata, mimi ni damu yako!"

"Ndiyo maana. Wewe utanitazama. Mwite yule."

Shangazi, aliyekuja kumwona, aliweka kikapu chini. "Mkwe akushike tumbo? Watatucheka mpaka Itungi!"

"Waache wacheke. Yule hajawahi kuniona, na hataanza leo."

Wifi akaja, kanga imeshuka mpaka kwenye nyusi. Tata akajifunika uso kwa shuka. Nami nikasimama katikati, kwa sababu hawaongei.

"Mwambie avute pumzi," wifi akaninong'oneza.

"Tata, vuta pumzi."

"Mwambie mikono yake ina baridi."

"Wifi, mikono yako ina baridi."

Nesi akashika kiuno. "Jamani, si wote mko hapa na mnasikia?"

Wifi akapuliza viganja vyake. Akakata tundu la mfuko, duara kamili, akapitisha kidole gumba ukingoni taratibu, kama anayelainisha mdomo wa chungu. Nilivitazama vidole vile kwa chuki. Mimi mtoto wa kuzaliwa nikawa simu, na yeye wa kuolewa akawa mikono.

Nyumbani ikawa mbaya zaidi. Kila aliyekuja kumjulia hali Tata alipitia kwa wifi na mkungu wa ndizi. "Ndaga fijo, mama, umetuokolea mzee." Ndaga, ndaga, ahsante za kijiji kizima zikaishia mlangoni kwake. Na vitumbua walivyokula amekaanga nani? Nilianza kuota wifi karudi kwao Lyulilo.

Akarudi kweli. Mimba ilikuwa imekua, akaenda kujifungulia kwa mama yake. Nilimsindikiza nikiimba. Jua halijapinda, Tata akaketi ukingoni mwa kitanda, mfuko umejaa, anatazama mlango. Hakuniita. Angekaa hivyo mpaka upasuke.

Nilisimama uani. Kisha nikavuta kanga mpaka kwenye nyusi kama wifi, nikaingia macho chini, bila salamu. Niliona miguu yake tu. Ikapanda kitandani, halafu nikasikia anavuta shuka usoni.

Tundu langu lilitoka kama yai. Nikakata jingine. Nilisafisha, nikakausha, nikabandika, nikapitisha kidole gumba ukingoni kama nilivyomwona yeye. Sikusema neno, mimi ninayeongea hata na kikaango.

Kulikuwa na kuku mlangoni. Tata akamwambia kuku, "Mwambie mkwe wangu, leo mikono yake ina moto."

Ni mikono ya vitumbua, Tata! Nilitaka kupiga kelele hivyo. Na chini ya ile kanga wivu ukanipanda upya, kwa sababu hata hapo alikuwa anamsema yeye. Lakini mkwe hamjibu baba mkwe. Nikauma midomo, nikabeba beseni, nikatoka kinyumenyume.