Tenga la Mipira ya Kioo

Kanisa letu la Ilomba lina mipira ya kioo saba, rangi ya fedha, kila mmoja mkubwa kama boga la kushibisha watu wanne. Krismasi inaning'inizwa juu karibu na madhabahu. Ukikaa benchi la mbele ukaangalia juu, unajiona humo umekuwa mfupi kama kisiki. Zamani ilikuwa minane. Mama aliyekuwa anaitunza aliitia kwenye mfuko wa salfeti, akausukuma chini ya kitanda, na mume wake naye akatafuta viatu vyake kwa mguu. Ndiyo tukabaki na saba.

Mwaka juzi wakamchagua mkwe wangu aitunze. Huyu ni mke wa mwanangu wa mwisho, Msangu wa Madibira, mtoto mpole, akiongea utadhani anaomba chumvi kwa jirani. Mwenyekiti wa wanawake hakumtaka. Mwenyekiti wetu ni Mnyakyusa, mama mkubwa, sauti inamtoka tumboni. Siku ya kushusha mapambo alisimama mbele yetu, mikono kiunoni: "Mimi sisemi kitu! Nasema tu ni saba. Mwezi wa kumi na mbili nitahesabu hapahapa, mbele ya Mungu na mbele ya kwaya. Ukipungua mmoja, kazi za kanisa tutawapa waliozizoea."

Yaani wewe wa kuja juzi, urudi benchi la nyuma ukatulie. Mkwe wangu aliielewa vizuri.

Tuliibeba mpaka nyumbani wanawake saba, kila mmoja na mpira wake kifuani ndani ya kitenge, kama tunatoka kliniki. Kijana mmoja wa bodaboda akapunguza mwendo: "Hongereni mama zangu, wote mmejifungua leo?" Nikamwambia, "Ndiyo, na baba ni mmoja. Tunamtafuta, si wewe kweli?" Akawasha pikipiki akaondoka mbio.

Nyumbani mkwe akaipanga juu ya godoro, akakaa kuiangalia. Ugali hakumaliza. "Mama, ikivunjika nitaingiaje tena kanisani?" Nikamwigiza na kile kisauti chake, "Mama nitaingiaje, mama nitaingiaje." Akacheka kidogo, akarudi kuiangalia mipira. Nikaona hapa utani peke yake hautoshi.

Sasa mimi ni Mhehe, nimezaliwa Ruaha Mbuyuni. Shule sikuiona hata mlango, lakini nyanya nimefunga miaka mingi mpaka vidole vikawa na rangi yake. Tenga langu lilikuwa linapanda lori, linafika Dar, na nyanya ya chini kabisa haijatoa hata chozi. Nikamwambia, "Wewe lete tenga. Hizi ni nyanya tu, zimepakwa rangi."

Nikakata nyasi laini pale mtaroni. Ilikuwa masika, nyasi nzuri, mbichi. Nikatandika chini, nikapanga mipira minne, nyasi, miwili juu yake, nyasi tena, halafu mmoja kileleni. Ikachongoka juu ya ukingo, lumbesa kabisa, kama enzi zangu. Mkwe amesimama mlangoni, "Lakini mama..." Nikamjibu, "Lakini mama, lakini mama! Umeshawahi kufunga tenga wewe?" Nikapitisha kamba, nikaweka goti juu, nikavuta. Maana tenga la nyanya usipolibana, zinagongana njia nzima.

Ikalia: kwaa!

"Mama, toa goti!"

Jamani. Sauti ile sikuwa nimewahi kuisikia kwa mkwe wangu. Mimi naigiza watu wote mtaani, mpaka mchungaji akikohoa, lakini ile mpaka leo sijaiweza. Goti lilitoka lenyewe.

Tukafungua taratibu, jasho linatutoka. Kumbe kilichokatika ni ufito wa tenga. Mipira mizima yote saba. Ila ilikuwa imelowa na ule unyevu wa nyasi, na mmoja nyasi zilikuwa zimeugandia. Mimi na kiherehere changu nikaufuta kwa kanga, rangi ya fedha ikatoka na nyasi. Doa kubwa kama kiganja. Mkwe akalibonyeza lile doa kwa kidole. Nikasubiri kilio. Akasema, "Mama, nyanya inabonyea. Hii haibonyei." Basi. Akachukua kazi, mimi nikawa wa kutumwa.

Kwanza akafuta kila mpira kwa kitambaa kikavu, akauacha upate hewa. Vikulabu vya waya vya kuning'inizia akavitoa vyote akavitia kwenye kopo, maana kikulabu kimoja kinakwaruza mwenzake. Gazeti akalikataa, alisema wino wake unahamia kwenye rangi. Tukachana mashuka ya zamani, yale yaliyofuliwa mpaka yakalainika, kila mpira ukavishwa mara mbili. Halafu tukaomba kwa mafundi ndoo kubwa za rangi zilizokwisha, tukaziosha, tukazianika. Kila mpira na ndoo yake. Chini maganda makavu ya mpunga, ameletewa na kaka zake kutoka Madibira, amewaambia yapepetwe isibaki hata punje, panya asije akaitwa chakulani. Pembeni maganda, juu maganda, bila kubana. Kifuniko.

Nikataka tuziweke darini. Akakataa: bati mchana linachemka, usiku barafu. Jikoni moshi. Basi zikakaa chumbani kwangu, juu ya benchi, ukuta wa ndani, na marufuku kuweka kitu juu yake. Kwa kuwa mimi kusoma sijui, nikachora yai kwa mkaa kwenye kila kifuniko. Wajukuu wakija naigiza mwenyekiti, "Mimi sisemi kitu!" wanatoka wenyewe.

Mwezi wa kumi na mbili ukafika. Tukafungua palepale madhabahuni, mbele ya kwaya, mwenyekiti anahesabu kwa sauti. "Moja! ... Sita!" Wa saba ukatoka, akaugeuza, akaona doa. "Mwe! Na hiki nini?"

Mkwe wangu akafungua mdomo. Nilimwona, alikuwa anataka kusema ni yeye. Nikasimama. "Doa ni langu. Niliifunga kama nyanya, na nyasi mbichi. Huyu ndiye aliyeiokoa, bila yeye ungekuwa unahesabu vigae."

Mwenyekiti akanigeukia. "Kumbe na wewe una sauti yako? Mimi nilijua una za wenzako tu." Kanisa zima likacheka, na mimi nikacheka. Akaugeuza ule mpira, doa likaangalia ukutani, akamwambia mkwe wangu, "Upandishe. Ndaga, asante mwanangu. Na hizo ndoo, unazifungaje? Nielekeze, nina vyombo vya mama yangu."

Krismasi ilipokwisha hawakuitisha hata kikao. Walimletea mipira saba, vinara vya kioo vya madhabahuni, na nyota kubwa ya kioo ambayo haiingii kwenye ndoo yoyote hapa Mbeya. Imelala kitandani kwangu, imefunikwa blanketi langu. Mimi nalala na wajukuu, na mkwe wangu, kwa kile kisauti chake cha chumvi, ananiambia nisigeukegeuke, nitawaamsha watoto.